Barua ya Kemunto

Darasa letu la sita lilinuka chaki na sare zilizolowa, maana njia ya kutoka kijijini kwetu Kiogoro ilikuwa nyasi ndefu zenye umande. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Asubuhi moja mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni "look forward to", yaani kungojea kwa hamu, akatuagiza tutunge sentensi tano. Alipozisoma akatuambia kwamba katika barua, baada ya maneno hayo, hatuandiki "hear" bali "hearing". Wenzangu wakafuta na kusahihisha. Mimi nilikumbuka barua. Ijumaa iliyopita, kabla jua halijatua na Sabato kuingia, nilikuwa nimemwandikia dada yangu Kemunto barua ya kuomba nafasi ya kusomea uuguzi katika hospitali ya misheni. Alikuwa ameacha shule miaka minne nyuma, Kiingereza kimemtoka, na mwandiko wangu ulisifiwa. Nilikuwa nimemalizia kwa "I look forward to hear from you", na Jumatatu barua ikatiwa posta mjini Kisii.

Wiki zilizofuata sikulala vizuri wala kula. Tulipokuwa tukichuma chai Kemunto alikuwa akiniuliza, "Moraa, una hakika uliandika sawasawa?" Nami nilijibu, "Ndiyo," nikiinamia kikapu changu ili asinione usoni. Jibu lilipofika, aliniletea nimsomee. Nafasi zilikuwa zimejaa. Hawakutaja kosa lolote, lakini mimi nililiona katika kila mstari. Nikaanza kulia, nikamwambia yote. Aliendelea kumenya ndizi za chakula cha jioni hadi sufuria ikajaa. Kisha akasema, "Mwaka ujao tutaandika tena. Ila utanieleza neno moja moja, na nitaandika kwa mkono wangu."

Tuliandika, akaitwa, akawa muuguzi mpaka alipostaafu. Sijawahi kujua kama ni neno langu lililompotezea mwaka ule, naye hajawahi kulitaja tena. Siku hizi mjukuu wangu hutuma maombi kumi ya kazi asubuhi moja, kwa simu inayomsahihishia Kiingereza, kisha anakunywa chai yake kwa utulivu. Moja likikataliwa, yamebaki tisa. Nikimwona hivyo namfurahia, tena namwonea wivu kidogo. Sisi tulikuwa na barua moja kwa mwaka, na ile ya kwanza Kemunto aliikabidhi kwa mtoto wa miaka kumi na miwili.