Kochi la Bwana Mkubwa

Mimi si mtu wa paka, tuelewane mapema. Mimi ni fundi wa makochi, na fundi wa makochi kupenda paka ni kama muuza vioo kupenda watoto wenye manati. Kwa hiyo siku mama mkwe wangu aliposhuka garini, mkono mmoja mkongojo, mkono wa pili kikapu kinacholia nyau, nilimeza mate nikasema, "Karibu mama. Karibuni wote."

Walikuwa wawili. Bwana Mkubwa, dume wa kijivu mwenye mashavu, umri miaka kumi na miwili. Na Kidosho, jike mweusi mwenye soksi nyeupe, hata mwaka hajatimiza, adabu sifuri.

Mama mkwe alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake. Alilala pale sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipopita mchana. Mume wangu alipopata habari alilia, na tukaapa kwamba hatakaa tena peke yake. Mimi nilikuwa na langu pia. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado shuleni, na huyu ndiye aliyenifundisha kumwogesha mtoto wangu wa kwanza. Nilimtaka kwangu, basi.

Lakini sanduku lake halikufunguliwa likaisha. Alilisimamisha nyuma ya mlango, kila asubuhi anachomoa gauni moja, likishafuliwa analirudisha limekunjwa. "Ngoja kwanza tuone," anasema. Tuone nini? Tuone Bwana Mkubwa atapokeaje.

Na Bwana Mkubwa alisusa. Aliingia uvunguni mwa kitanda akatia nanga huko. Chakula anakigusa kidogo, kama mgeni asiyetaka kumwaibisha mpishi. Jumatatu ya wiki ya pili mama mkwe akatuambia mezani, "Wanangu, nawashukuru sana. Lakini mzee mwenzangu anakonda. Asipotulia mpaka Jumapili, narudi naye kwangu." Mume wangu aliacha kijiko hewani. Tunajua mama akisema amesema.

Kesho yake nikafunga karakana yangu ya uani mapema, nikaenda duka la vitu vya wanyama. Mwenye duka akaniuliza, "Paka wako ana tabia gani?"

"Tabia ya mwalimu mkuu aliyestaafishwa bila kuagwa."

Alicheka mpaka akashika kaunta. Nikachagua kwa makini, maana zawadi ile ilikuwa ya kumbakisha mtu. Nikanunua godoro la duara lenye manyoya, mpira wenye kengele, na kijiti chenye unyoya kwenye ncha. Godoro nilipolibonyeza kwa kidole gumba, lahaula! Sponji ya hovyo, inazama hairudi. Nikalifumua nyumbani nikalijaza sponji yangu ya daraja la kwanza, ile ya wateja wanaonisumbua.

Bwana Mkubwa akatoka uvunguni, akalinusa godoro, akaninusa na mimi, akarudi alikotoka. Mpira hakuutazama. Kijiti nilikipunga kwa nusu saa, nimepiga magoti, mwanamke mzima! Mume wangu akapita akasema, "Fundi, nikuletee na wewe maziwa?" Nilimkata jicho akaenda zake. Kidosho, yeye, alizidharau zawadi zote akalala kwenye boksi.

Akiamka sasa, ndipo utamjua. Aliburura uzi akafunga miguu ya viti vinne kwa pamoja. Alikanyaga gundi mbichi, kisha akatembea juu ya ngozi ya kochi la wakili, hatua kwa hatua, kama anapiga mihuri. Vifungo vyangu alivificha ndani ya viatu vya mume wangu. Nikilalamika, mama mkwe anasema, "Mwache, bado mtoto." Mtoto gani anayefungua droo?

Hapa lazima nieleze habari ya kochi, maana kosa ni langu. Kabla mama hajafika, mume wangu alikuwa amelileta kochi la mama la mtu mmoja, lile la miaka yote. Jamani! Kitambaa cha kahawia kimepauka, mkono wa kushoto umechanika nyuzi nyuzi. Nikasema hapana, mama hawezi kukalia aibu hii nyumbani kwa fundi. Nikalivua lote. Nikaweka sponji mpya, kitambaa cha bluu kizito, vifungo kumi na viwili mgongoni, kila kimoja kimekaa sawa na mwenzake. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Mama mkwe alipoliona alisema, "Limependeza mno, mwanangu. Mno." Akakaa ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mimi nikavimba kichwa.

Ijumaa asubuhi, Bwana Mkubwa hayupo uvunguni. Hayupo jikoni, hayupo bafuni. Mama mkwe alizunguka na mkongojo wake akimwita, sauti ikipungua kila mara, na mimi roho juu. Nikakimbilia karakana.

Nikamkuta kwenye rafu ya nyuma. Pale ndipo ninapoweka vitambaa nilivyovua kwenye makochi, maana sivitupi. Navitandaza juu ya kitambaa kipya ninapokata, ndiyo vipimo vyangu. Katika lundo lote lile alikuwa amekichimbua kitambaa cha kahawia, amekilalia, anakikanda kwa miguu ya mbele, na koo linanguruma kama cherehani. Nikasimama pale kama nimepigwa kofi. Michano yote ile ilikuwa kazi yake ya miaka kumi na miwili, na mimi niliichomoa pini kwa pini nikijisifu.

Nikamwita mama aone yuko salama. Akambeba mzee mwenzake wakaenda zao.

Jumamosi nikapiga moyo konde, nikalivua kochi langu la bluu. Vifungo kumi na viwili, kimoja kimoja. Kisha nikakiunga kile kitambaa cha kahawia upande kwa upande, na kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kutokiziba mahali kilipochanika. Vidole vilikuwa vinawasha! Mume wangu akachungulia. "Mke wangu, wateja wakiona hili watasema umerukwa na akili."

"Waache waseme. Shika huo upande."

Tukaliingiza chumbani kwa mama. Kichwa cha kijivu kikachomoza uvunguni. Bwana Mkubwa akanusa mguu wa kochi, akajinyoosha mzima mzima, akazamisha kucha kwenye mkono wa kushoto, khrrr, khrrr, kazi ikaendelea alipoiachia. Kisha akaenda kwenye sahani yake akala, akalamba mpaka sahani ikasogea.

Mama mkwe safari hii hakusema limependeza. Alikaa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa. Kiganja chake akakilaza kwenye mkono wa kulia wa kochi, na hapo ndipo nilipoona, kulikuwa na doa lililopauka, ukubwa wa kiganja kile kile. "Hapa," akasema, akafumba macho. "Na mimi nilikuwa natafuta pa kuweka mkono."

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Nikalia. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na mume wangu akajitia anakagua dirisha.

"Hebu niletee lile sanduku," mama akasema. Moyo ukanilipuka. "Lifungue. Magauni yanataka kutundikwa, yamechoka kukunjwa."

Nikayatundika yote, polepole, moja baada ya jingine. Nilipotoa la mwisho, Kidosho akaruka akatua ndani ya sanduku tupu, akazunguka mara mbili, akalala na kifungo changu cha bluu mdomoni. Mume wangu akanyoosha mkono amtoe.

"Mwache," nikasema. "Bado mtoto."