Shahidi wa Mama wa Kachibora

Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, nikiwa kwenye foleni ya kliniki moja Kitale, mama mmoja kutoka Kachibora alifika kwa mshauri wa walioumizwa na fujo hizo, akiwa na jirani yake aliyebeba kipande cha bati kilichoungua.

"Huyu ndio shahidi wangu. Aliona nyumba ikichomwa."

"Hapa si kwa chifu, mama. Na si lazima ueleze yote leo. Ukitaka kunyamaza, nyamaza."

"Sasa mtaniamini aje?"

"Tumeshakuamini. Lakini wiki hii utakuja kila siku, na utakuwa ukitoka umechoka sana kwa kukumbuka. Nani atakufikisha nyumbani?"

"Si niko," jirani akasema, akasukuma bati chini ya benchi, akaketi.

Kumbe shahidi alihitajika, ila si kwa kusema.