Tonge la Kwanza kwa Mama Kavira

Ijumaa hiyo niliswali Bwera, nikaacha Fuso yangu karibu na msikiti, nikapanda mlima kwa miguu kwenda kula. Njia ile ya nusu saa iliniua magoti, lakini sikuikosa Ijumaa hata moja, labda gari liwe limeharibika. Nilikuwa nasafirisha vitunguu na maharage kutoka Bwera kwenda Kasese, na vyakula vya barabarani vilikuwa vimenichosha. Kwa Mama Kavira nilikula kama mtu aliyefika kwao.

Haikuwa hoteli yenye kibao. Ilikuwa nyumba ya shamba katikati ya kahawa na migomba, yenye meza moja ndefu barazani. Mzee Baluku, Mkonzo wa mlima ule ule, alilima. Mkewe Mama Kavira, Mkongo wa Butembo, alipika. Binti yao Biira alipokea wageni, na ukimuuliza leo kuna nini, alikuonyesha shamba kwa kidole. Ulikula kilichokomaa: sombe ya majani ya muhogo, maboga, ndizi, samaki kama kuna mtu ametoka ziwani Kahendero. Kuku nilichinja mimi. Wenyewe walikuwa Wakatoliki, lakini walitaka wachuuzi Waislamu nao wale bila wasiwasi, basi wakanikabidhi kisu na kuniita Shehe, mimi ambaye hata juzuu amma sijaimaliza.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja tu. Bundu, yaani ugali wa muhogo, uliletwa mezani mzima kwenye sinia, na hakuna aliyeugusa kabla Mzee Baluku hajakata tonge la kwanza. Akichelewa shambani, tulimngoja, matumbo yakiunguruma. Yeye mwenyewe alilikata kwa mara ya kwanza siku waliyomzika baba yake, mbele ya ukoo wote. Mtu wa nyumba ile kulikata wakati mwenyewe hayupo ilikuwa sawa na kutangaza msiba.

Sasa nifike mahali pabaya kwangu. Ijumaa iliyotangulia nilikuwa nimemtania mzee kuhusu mawese. Nilisema mafuta yao ya siku hizi yamekuwa mepesi, na kuku ninaowachinja mimi wanastahili heshima zaidi. Meza nzima ilicheka. Mzee Baluku alitabasamu, akaendelea kutafuna polepole kama kawaida yake.

Nilipofika safari hii, kiti chake kilikuwa kitupu. Biira akaniambia kwamba baba yake amevuka mpaka wa Kongo tangu asubuhi, amekwenda kwa shemeji yake ng'ambo kutafuta mawese ya kweli. Kusema kweli, nilifurahi. Nilichinja kuku watatu huku naimba.

Saa tisa tulisikia mlio.

Nilidhani ni tairi. Dereva husikia tairi kila mahali.

Ukaja wa pili. Kisha ikawa mfululizo, na ng'ambo ya mto wa mpaka moshi ukapanda.

Mama Kavira alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alitazama moshi, akatazama njia inayotoka bondeni, akarudi ndani kusonga bundu nyingine.

Haikupita saa moja watu wakaanza kupanda. Wanawake wenye watoto mgongoni, bibi aliyeshikwa mikono na wajukuu wawili, mwanamume mwenye kiatu kimoja. Wengi walikuwa Wakongo waliovuka mto kwa miguu. Walisema waasi wameingia vijijini mwao. Nilimuuliza kila mmoja kama amemwona mzee mrefu mwenye koti la kahawia na dumu la njano. Hakuna aliyemwona.

Askari wetu wawili wakatokea kwenye migomba.

"Zima moto! Moshi inaonekana mbali. Yote kaa chini."

"Ndiyo, afande," nikajibu.

Tukakaa chini. Biira alimwaga maji jikoni. Risasi zilikaribia, zikanyamaza, zikaanza tena upande mwingine. Niliweka paji la uso kwenye udongo wa uwanja ule na sikuona aibu.

Askari walipoteremka, bundu zilikuwa tayari mezani, masinia matatu, na kuku kwenye sufuria. Watu zaidi ya arobaini walikuwa wamekaa wakiyatazama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Waliposikia kwamba mwenye nyumba yuko ng'ambo, walielewa, maana wengi wao walikuwa Wanande, watu wa kabila la Mama Kavira wanaoijua desturi hiyo, na hakuna kati yao aliyetaka mkono wake uwe ndio uliomzika mzee wa watu.

Biira alimnong'oneza mama yake habari ya watoto.

"Tutamungoya," Mama Kavira akasema.

Tukangoja. Nilikuwa natazama njia mpaka macho yakauma. Kila kofia iliyochomoza kwenye kahawa niliiombea iwe yake. Saa kumi na moja ilipita. Mtoto mmoja wa kike alianza kulia, na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja, kwa haya zaidi kuliko kwa woga.

Hapo Mama Kavira akaja akasimama mbele yangu.

"Shehe, weye uko mugeni hapa. Mukono ya mugeni haiue mutu. Kata."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia kwamba ni utani wangu uliompeleka mumewe ng'ambo, na kama kuna mkono usiostahili kugusa sinia lile, ni wangu. Nilitarajia anifukuze, na ningekwenda.

"Weye ulisema tu," akasema. "Ni mimi njo nilimupa kidumu. Kata, batoto bakule."

Nikasema bismillahi, nikakata. Bundu ilikuwa imepoa na kushikamana. Tonge lile nilimpa yule mtoto aliyelia, na baada yake watu wote wakala mpaka masinia yakawa meupe.

Mzee Baluku hakurudi siku ile. Baada ya wiki shemeji yake alivuka, akasema mzee aliaga kwake kabla ya risasi ya kwanza, akiwa na furaha, dumu limejaa. Kutoka pale hakuna anayejua. Tulimtafuta kwenye vituo vya wakimbizi, tukamtafuta hospitali. Padri alishauri isomwe misa ya wafu. Mama Kavira alimkaribisha chakula, akabadilisha mazungumzo.

Aliendelea kupika. Ijumaa nilikata mimi. Siku nyingine alikata mgeni yeyote aliyepita, mchuuzi, mwalimu, hata mpagazi wa wapanda milima kutoka Nyakalengija aliyekuwa akitafuta njia tu. Mama Kavira alimshika mkono, akamkalisha, akamwambia akate. Nilimpenda sana mwanamke yule kwa hilo.

Watu huniuliza vita ilinichukulia nini. Gari langu lilibaki, nyumba yangu Kasese haikuguswa. Ilimchukua mzee aliyependa kututazama tukila kuliko kula mwenyewe, aliyekumbuka kwamba sipendi pilipili na kwamba mke wangu anapenda mapera, akanifungia ya kupeleka nyumbani. Kuhusu utani wangu, nimeambiwa mara nyingi kwamba waasi ndio wenye dhambi. Naafiki. Bado natamani ningenyamaza.

Mwaka wa nne tangu siku ile, Ijumaa moja, nilinawa mikono kama kawaida na kusogea karibu na sinia. Biira alipotaka kuondoa birika, mama yake akamzuia, akanyoosha mikono yake. Akanawa taratibu mpaka viwiko. Kisha akazunguka meza, akaketi kwenye kiti cha mumewe. Biira alibaki amesimama na birika mkononi.

Mama Kavira akakata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akatafuna. Ilimchukua muda kulimeza. Tulimngoja.

"Mukule," akatuambia. "Baba Biira alikufaka."