Gari la Baba Mbele ya Mkaguzi

Kwa nini gari lile lile lililopita mbele ya polisi wa Tanga kwa miaka minne, likiwa na meneja wa shamba la mkonge, liligeuka kosa siku lilipokuwa la baba yangu? Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimerudi likizo kutoka chuo kikuu Kampala, na niliamini kila swali lina jibu ukiling'ang'ania. Hili lilinishinda.

Baba alikuwa fundi wa magari pale shambani. Gari lenyewe lilikuwa la mashindano: viti viwili, halina paa wala madigadi, na bomba la moshi nene kama mkono lilitokea ubavuni. Meneja alilileta kwa meli, na kila Jumamosi alilikimbiza hadi mjini. Injini yake baba aliifungua na kuifunga mpaka akaijua kwa kuisikiliza tu. Alilijaribu kwenye njia za ndani, kati ya mistari ya mkonge, lakini akifika langoni alitakiwa kuzima na kushuka. Hiyo ilikuwa amri ya meneja. Baba aliitii miaka yote minne, nami sikuacha kumuuliza kwa nini.

Meneja alipoondoka kurudi kwao, giaboksi ilikuwa imevunjika na hakuna aliyelitaka. Baba akalinunua kama chuma chakavu. Kadi ya gari ilipotea, ndivyo meneja alivyosema. Baba alihangaika na giaboksi ile miezi mingi uani kwetu, na alitaka kitu kimoja tu: kulipitisha mbele ya lango lile kwa nje, kwenye barabara ya watu wote, yeye akiwa kwenye usukani.

Kwa kuwa halikuwa na ruhusa ya barabarani, tulilikokota hadi kwa mkaguzi wa magari wa polisi kwa kamba ya katani, nyuma ya lori la machungwa la jirani yetu. Mkaguzi alikuwa mtu wa Pangani, mrefu, kaptula yake imenyooshwa kwa pasi mpaka inakata. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anazunguka nyuma ya gari.

"Fundi, vibao hivi vya namba vitoe."

"Ndivyo vilivyokuja na gari, bwana."

"Vitoe kabla sijaangalia kingine. Likipita utapewa vipya."

Baba akachukua spana akavifungua. Nilikasirika. Niliona mtu huyu anatunyang'anya hata namba, kwa sababu tu tulikuwa sisi. Baadaye baba alikipigilia kimoja kwenye mlango wa stoo yake.

Kisha mkaguzi akaanza. Madigadi hakuna. Honi hakuna. Taa ya nyuma hakuna, kioo cha kutazamia nyuma hakuna. Akaamuru injini iwashwe, akaziba masikio.

"Na hiyo sauti, fundi. Ukipita hospitali, hata waliokufa watauliza kuna nini."

"Meneja alipokuwa akipita hapa hukuisikia?" nikamuuliza.

"Binti, mbele yangu kuna gari la baba yako."

Baba akanivuta mkono.

Tuliporudi mara ya pili, lilikuwa na madigadi yaliyokatwa kwenye pipa la mafuta, honi ya kubinya ya basi kuukuu, taa, na kioo kilichokuwa cha mama. Lililobaki ni sauti. Baba alikuwa amelichomelea sailensa, na ndani yake akashindilia katani, kama afanyavyo kila mtu wa kwetu mwenye kitu cha kujaza, kiwe godoro au kiti. Gari likanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mkaguzi akatabasamu, akasema liachwe likiwaka huku anakagua taa. Taa zilikuwa nzima. Moshi ukaanza kutoka ubavuni, kwanza mwembamba, halafu mzito, na harufu ya kamba inayoungua ikajaa uwanjani.

"Fundi, mishikaki itaiva lini?" dereva mmoja wa teksi akauliza.

"Ageuze upande, huo umeshaiva," mwenzake akasema.

Mkaguzi hakucheka. "Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Likishindwa naliandika chuma chakavu, na chuma chakavu hakipewi namba."

Kwa safari ya tatu baba alipata vijinyuzi vya chuma kutoka karakana ya reli, akavijaza badala ya katani. Havikuungua. Taa zikapita, honi ikapita. Kwenye breki mkaguzi alikaa ubavuni mwa baba, na gari likasimama ghafla mpaka kofia yake ikaanguka. Akaiokota, akaipangusa, akashika kalamu. Lakini hakuandika.

"Hili ni gari la mbio," akasema. "Si gari la barabarani."

"Imeandikwa wapi?" nikauliza.

"Mama, nyamaza," baba akasema.

"Nauliza tu, baba. Imeandikwa wapi?"

Mkaguzi akanisukumia kitabu chake cha kanuni. "Wewe si msomi? Tafuta."

Kilikuwa cha Kiingereza. Nilisoma nimesimama, ukurasa kwa ukurasa, natafsiri kwa sauti ili madereva wa teksi wasikie. Nilitaka kumwaibisha, sikatai. Lakini nilishangaa mwenyewe. Kanuni zile za gari hazikujali linaweza kukimbia kiasi gani. Zilijali kama linaweza kusimama, kama litaonekana gizani, kama litasikika likija bila kumtia mtu uziwi, kama halimrushii tope anayekwenda kwa miguu. Mwendo ulikuwa na kanuni zake, na hizo zilimhusu dereva.

"Mbio ni kosa la mtu," nikasema nikifunga kitabu. "Gari halikimbii mpaka mtu akanyage."

"Na baba yako atakanyaga?"

Baba akajibu mwenyewe. "Nitakwenda kama gari la mkate."

Mkaguzi akatia sahihi bila kunitazama.

Na kweli tulikwenda kama gari la mkate. Baiskeli zilitupita. Nilimwambia baba akanyage kidogo, akasema ameahidi. Tulipofika kwenye lango la shamba, mlinzi alinyanyua mti wa kizuizi ili tuingie. Baba akabinya honi mara mbili, akampungia mkono, akaendelea mpaka mkonge ulipokwisha. Akageuza, akapita tena, akabinya tena.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu dhidi ya kibaraka wa Wazungu. Baba alipofariki, karani wa zamani wa shamba alikuja kutoa pole. Akasimama mbele ya mlango wa stoo, akakisoma kile kibao mara mbili. Akaniambia namba ile ilikuwa ya trekta la kukokota majani ya mkonge. Aliiandikisha yeye mwenyewe. Gari la meneja halikupata kuandikishwa popote. Mwaka wa kwanza tu, yule mkaguzi wa Pangani alifika ofisini kwao kuuliza habari za namba ile, na wakubwa wake wa polisi wakamwambia arudi kazini. Angelikagua gari letu likiwa na vibao vile, angelazimika kumshtaki baba kwa namba ya uongo.