Jumapili za Dada Zuhura kwenye Televisheni

Harufu ya udi hunirudisha moja kwa moja mtaani kwetu Junda, sebuleni kwa jirani yetu Mama Saumu. Kila Jumapili jioni alifukiza chumba kizima kabla hatujamiminika, kwa sababu, alivyosema mwenyewe bila haya, miguu ya nusu ya mtaa haivumiliki hivi hivi. Televisheni yake ilikuwa kubwa kuliko zote pale kwetu, na ndani yake alikuwamo dada yangu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Zuhura alikuwa na kumi na tisa, na alikwenda Nairobi kushindana na wasichana wengine. Watatu watakaobaki mwisho wangeundiwa kundi la muziki.

Baba alimruhusu. Mama alikataa katakata. Asubuhi ya safari Zuhura alimbusu mkono, akalia, akaomba radhi, na mama hakumpa. Kwetu sisi mtoto akiondoka bila radhi ya mama, hata akifaulu hafurahi sawasawa. Kila Ijumaa alipiga simu, nami nikampelekea mama, naye akaendelea kushona kofia zake, macho kwenye sindano. "Mwambie nashona." Wallahi nilimkasirikia, ingawa nisingethubutu kusema.

Jumapili ya tatu Zuhura alipanda jukwaani, mtandio kichwani, na badala ya kuimba akawaamkia majaji mmoja mmoja. Wawili wakaitikia marahaba. Wa tatu, bwana mmoja wa makamo aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akamwambia aanze tu, muda unakwenda. Zuhura akasimama vile vile. "Hujaniitikia, baba." Ukumbi ukacheka, naye akangoja. Kwa Mama Saumu tulijua anaweza kufukuzwa pale pale. Yule bwana akavua miwani. "Marahaba," akasema. Masalale! Sebule ikalipuka kwa vigelegele, hata mwanzo wa wimbo hatukuusikia.

Nilikimbia nyumbani kumsimulia mama. Sindano ikasimama. "Alingoja aitikiwe?" "Alingoja, mama. Mbele ya watu wote." Mama akacheka kicheko nilichokikosa tangu Zuhura aondoke, halafu akapangusa macho kwa ncha ya leso. Jumapili iliyofuata alivaa buibui lake jipya, akaenda kwa Mama Saumu kuketi mkekani mbele kabisa, akamfokea kila aliyekohoa. Lakini radhi hakuitamka.

Zuhura aliingia kwenye kundi. Wimbo wao wa kwanza ulipigwa kwa kila kinyozi wa Kisauni. Mpaka muuza viazi karai aliuimba. Wa pili ulipigwa kidogo. Wa tatu sikuusikia popote ila chumbani kwetu, nilikoupiga mwenyewe. Baada ya miaka miwili kampuni ikaacha kupokea simu zao, na wale watatu wakatawanyika. Zuhura akarudi na sanduku moja na woga mwingi. Watu walimng'ong'a kidogo, wakachoka. Mama akampakulia wali, akamwambia ale kabla haujapoa, na hakuna aliyeligusa jambo lile tena.

Leo dada yangu anafundisha wasichana kuimba kule Mkomani, na wenye harusi wanamgombania. Siku hizi binti hujirekodi kwa simu chumbani, na kabla ya chai ya jioni dunia imeshamwona. Sisi tulingoja wiki nzima, na umeme ukikatika ndiyo basi. Sisemi zamani kulikuwa bora. Jamani, kungoja kunachosha! Lakini mashindano ya televisheni bado yapo, na mwaka huu binti ya Zuhura, mwenye miaka kumi na saba, aliomba kwenda. Nani alikataa? Zuhura mwenyewe! Alisema mambo yale anayajua, watu wale wanakubeba juu kisha wanakuachilia. Mama, mzee sasa, alikuwa amejinyoosha kitandani, tukidhani amelala.

"Mwache aende," akasema. "Radhi yangu anayo. Nawe unayo, mwanangu, tangu zamani. Mdomo wangu tu ndio uliokuwa mzito."

Dada yangu, mtu mzima na watoto wake, alilia kwa sauti. Mama akamwacha alie, akamgeukia mjukuu wake kumwuliza kama fomu imeshajazwa.