Kijiko Kimoja cha Njugu

Njoki ni fundi wa nguo katika soko la Gikomba, upande ule wa wanaorekebisha mitumba. Mpelekee koti la mtu mnene leo, kesho utalichukua limekukaa. Ni mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu, na tangu utotoni mwili wake haupatani na njugu. Akiwa darasa la pili mwenzake alimwonjesha njugu karanga, na kabla ya kengele kulia midomo ilikuwa imevimba, ngozi imetoka mabaka mekundu kuanzia shingoni hadi magotini. Daktari aliuita mzio. Mtaani wanauita maringo.

Basi amekuwa mtu wa kuuliza. Haya mafuta yamekaanga nini? Huu mchuzi umetiwa nini ukawa mzito hivi? Wauza chakula humjibu kwa kununa, na wengine humwambia aende akapike kwake.

Kule Kware anakoishi yumo katika chama cha akina mama kumi na wawili chenye sheria isiyovunjwa: mwenye wageni hagusi sufuria. Wenzako wanapika, wewe unavaa vizuri na kukaa na wageni mpaka sahani ziletwe. Sheria hiyo aliitunga mwenyekiti, Ndindi, mama mwenye sauti kubwa na nyumba mbili za kupangisha, ambaye miaka yote amekuwa akiwaambia watu kwamba Njoki anajifanya tajiri wa tumbo.

Mwezi wa nne watu wa kijana aitwaye Munene walikuja kumposa Eve, binti wa pekee wa Njoki. Ndindi alisimamia jikoni. Njoki alikula mboga vijiko vitatu, na cha nne kikiwa njiani ulimi ukaanza kumwasha. Alijua papo hapo. Alijaribu kukaa kimya, lakini mzio haungoji wageni waondoke. Jicho moja lilivimba likajifumba. Mikono ilijaa mabaka, akajikuna mbele ya wakwe mpaka akakata mkufu wake, na pumzi ikaanza kumwishia. Eve alimkimbiza zahanati akadungwa sindano.

Waliporudi, wageni walikuwa wameshaondoka. Shangazi yake Munene alikuwa ameuliza kama ugonjwa ule uko kwenye ukoo. Tarehe ya mahari haikutajwa.

Kesho yake Ndindi alikuja kumwona mgonjwa, mkononi chupa ya uji.

"Kumbe ni ukweli, Mama Eve," alisema, akivuta kiti. "Mimi nilidhani ni maringo tu. Niliweka njugu ya kusaga kijiko kimoja tu, ndio tuone."

Njoki alimtazama kwa lile jicho lililokuwa wazi. "Asante kwa uji," alisema.

Ndindi alipoondoka, Njoki aliumwaga uji kwenye sinki, wote.

Miezi mitano ilipita. Simu za Munene zilipungua, kisha zikakoma. Eve alianza kula chumbani kwake, na siku mama alipomuuliza amemkosea nini, alijibu, "Hakuna kitu, Mum," kwa sauti ya mtu aliyechoka. Njoki angeweza kusamehe sindano. Angeweza kusamehe hata mabaka. Lakini kila jioni alipoona sahani ya mwanawe ikipita mlangoni, chuki ilimpanda, na hakuona haya nayo. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka Ndindi akae mbele ya wakwe, amependeza, chakula kikiwa mbele yake, naye aaibike.

Mwezi wa tisa ikafika zamu ya Ndindi, bintiye alipokuja kuposwa. Njoki aliinua mkono mkutanoni akaomba kusimamia jikoni. Akina mama walifurahi wakasema amesamehe, na mmoja akamwombea baraka. Ndindi angekataaje sheria aliyoitunga mwenyewe?

Siku yenyewe Njoki ndiye aliyemfungia Ndindi zipu ya gauni mgongoni. Alimsogelea sikioni.

"Leo ule vizuri, mwenyekiti. Na mimi nimekuwekea kitu kimoja tu."

Akarudi jikoni akapika kama anayemwozesha Eve. Mchele haukushikana, nyama ililainika, mboga zilibaki kijani. Chakula kilipopelekwa, alisimama nyuma ya pazia la jikoni.

Ndindi alishika kijiko. Akakiweka chini. Akanusa mchuzi akidhani haonekani. Jasho lilimtoka puani.

"Mama, mbona huli?" aliuliza bibi mzee wa upande wa wakwe.

"Nimeshiba, nyanya."

"Umeshiba chakula cha siku ya mwanao?"

Ndindi alicheka peke yake. Bibi yule alimtazama, akaitazama sahani yake, akaisukuma mbali taratibu. Aliye kando yake naye akaacha kutafuna. Dakika chache baadaye sebule nzima ilikuwa imeweka vijiko chini. Walikunywa soda zilizofunguliwa mbele yao, kisha mzee wao akasema mazungumzo yangoje siku nyingine.

Binti wa Ndindi alijifungia chumbani akalia. Hakuwa na kosa lolote. Eve naye hakuwa nalo.

Ndindi aliingia jikoni viatu mkononi. Sahani zilizorudi zilikuwa zimejaa meza, na Njoki ameketi kwenye kigoda, sahani mapajani, anakula nyama bila haraka.

"Uliweka nini, Mama Eve?" Sauti ile kubwa ilikuwa imeisha. "Niambie tu. Uliweka nini?"

Njoki alimeza kwanza.

"Chumvi," alisema.