Ufunguo wa Shamba la Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nilifika ofisini Kacyiru kwa basi, cheti cha umwagiliaji nilichosomea Tanzania nilikolelewa kikiwa kwenye bahasha safi, nikidhani kazi ya ofisa wa maji ni ya mezani. Mkuu wa Idara, mzee aliyekulia Burundi, alivitazama viatu vyangu akacheka hadi akavua miwani.

"Madamu, huko bondeni iko tope," alisema. "Pitia sokoni Nyabugogo, ununue mabuti, ndiyo tuanze kazi."

Nilipangiwa bonde la mpunga pembezoni mwa jiji. Maji yaliingia kupitia lango, yaani bamba la chuma linalopandishwa na kushushwa, ambalo hufungwa kwa kufuli. Kutoka hapo yalishuka kwenye mfereji mkuu, kisha kila mkulima akayachepusha shambani kwake. Kazi yangu ilikuwa kupanga zamu. Nikachora ratiba nzuri kwa kalamu za rangi tatu: walio karibu na lango waanze, wengine wafuate, hadi shamba la mwisho.

Niliisoma kwenye mkutano baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Mkuu akiwa ameketi kando yangu. Nikauliza kama kuna swali. Kimya. "Tumekubaliana?" Wakaitikia ndiyo kwa sauti moja, "Yego!" na makofi juu. Nikaandika ripoti kwamba wananchi wameshirikishwa. Naona haya hadi leo.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wangu ulikuja baada ya wiki mbili. Nilimkuta Donatila, mjane mwenye shamba la mwisho, akimwagilia miche ya kitaluni kwa maji ya dumu alilobeba kichwani. Shamba lilikuwa limepasuka kwa kukauka. Wiki ile ikipita bila kupandikiza, msimu wake ulikuwa umekwisha, na wajukuu watatu walikula kwa mpunga ule.

"Maji haiko, Madamu. Haijafika huku hata siku moja. Wale wa juu wanamaliza yote."

"Sasa mbona mlipiga makofi?"

"Ulikuja na Shefu wako. Tungekuaibishaje mbele yake?"

Nilirudi kwa Mkuu nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Alinisikiliza, akanirudishia ripoti yangu.

"Kwenye mkutano watu wanakuwa na adabu," alisema. "Kawaulize wakiwa wamesimama kwenye tope yao."

Kesho yake nilianzia kwa Donatila nikapanda kuelekea langoni, shamba kwa shamba, Donatila akinifuata nyuma. Huko walisema! Ratiba yangu ilitukanwa kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa kidogo. Tulipofika langoni nilikuwa na hofu, kwa maana shamba la hapo lilikuwa la Damasi, na nilimshuku kwamba ndiye mla maji mkubwa. Damasi akajikuna kichwa.

"Ufunguo wa kufuli apewe huyu mama," alisema. "Maji ya kwenda kwake inapita kwetu wote. Asifunge mpaka imemfikia. Nani atamnyima akiwa na ufunguo mkononi, na kesho ndiye wa kutufungulia?"

Sikuwa nimesomeshwa hilo popote. Siku ya tatu maji yaliingia kwa Donatila, membamba, ya kahawia, na miche ikapandikizwa. Nilikaa ukingoni na mabuti yangu nikalia kwa furaha bila kujificha.

Baadaye nilitumwa kwenye mabonde mengine, chini ya wakurugenzi wapole na wakali, na kila mahali nilianza na shamba la mwisho. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kagugu, na mvua ikichelewa moyo bado unaniruka. Mwezi uliopita wasiwasi ulinishinda, nikapanda pikipiki hadi kwenye bonde lile la kwanza.

Kwenye shamba la mwisho maji yalikuwa yanang'aa. Msichana mmoja mwenye sura ileile ya Donatila, bila shaka kitukuu wake, alikuwa anapandikiza, ufunguo ukining'inia shingoni kwa kamba. Hakunijua.

"Mama, umepotea?"

"Hapana. Naona ufunguo tu. Mbona uko huku, mbali na lango?"

Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni, jinsi maji yanavyopita kwa wote kwanza.

"Na nani aliwapangia hivyo?"

"Hakuna, Mama. Tulijipangia sisi wenyewe."

Nikamwambia ni kweli. Nikarudi Kagugu moyo umetulia, nikampa jirani mabuti yangu.